Mkanda Uliobaki Kwenye Gurudumu

Aliyeniambia habari hii kwa mara ya kwanza ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Ndiyo maana sikuiamini.

Wifi ni mtu wa maneno. Mvua ikinyesha, yeye aliiota juzi. Mtoto wa jirani akikohoa, yeye alishajua. Huchechemea mguu wa kulia, na hunuka dawa ya kuchua, ile kali ya kichupa cha kijani, kiasi kwamba akikaa kwenye kiti, kiti nacho kinakuwa mgonjwa. Zamani alikuwa na mtoto wa kiume, akafariki kabla hajaanza kutembea. Watu husema huzuni ndiyo iliyomharibu. Mimi nilisema ni tabia. Sikusema kwa mdomo, maana mimi ni mtu wa aibu na sijibizani na wakubwa. Lakini moyoni nina ulimi mrefu. Moyoni nilimwita Bibi Dawa.

Jumapili hiyo alasiri alinikuta nimekaa sakafuni, nimeukumbatia mguu wangu wa kulia kwa mikono miwili. Shavu la mguu lilikuwa limejikunja na kuwa gumu kama jiwe, vidole vimepinda kuelekea chini, na machozi yananitoka bila kulia. Binti yangu wa miezi saba alikuwa kwenye godoro pembeni, ananitazama. Halii, hachezi. Ananitazama tu.

Wifi hakusalimia. Alisimama mlangoni akaniangalia mpaka mguu ulipolegea.

"Umeanza lini?"

"Wiki ya tatu sasa, wifi."

"Usiku?"

"Usiku. Na Jumapili kama leo, hata mchana."

"Ukiwa kazini je, ukishona?"

Nikafikiri. Nashona sare za shule kwenye karakana ya ushonaji, nakanyaga pedali ya cherehani saa tisa kwa siku. Kama mguu ungekaza mahali, ungekaza pale. Haukuwahi. Hata mara moja.

"Kazini haukazi," nilisema.

Wifi akakaa. Harufu ikakaa naye.

"Mguu wako hauumwi," alisema kwa sauti ya chini. "Unafanya kazi."

Nikainamisha kichwa ili asione uso wangu. Nilikuwa nimeshasikiliza upuuzi wa kutosha wiki hizo tatu. Muuguzi wa zahanati, ambaye hakuinua macho kutoka kwenye simu yake, aliniambia ninywe maji mengi, nile ndizi, na mguu ukikaza nivute vidole kuelekea kwangu. Nilivuta. Ulilegea kidogo, kisha ukarudi kwa hasira. Jirani aliniambia nifunge uzi kwenye kidole gumba cha mguu. Nilifunga, nikapata kidole chenye uzi na mguu unaokaza. Mume wangu, mtaalamu wa mambo asiyoyajua, alisema ninakosa mazoezi, akageukia ukutani akakoroma. Sasa huyu naye, na mguu unaokwenda kazini peke yake.

"Wanakukalisha mashine ya dirishani," alisema. "Ile niliyoiacha mimi."

"Ndiyo, wifi."

"Jioni mkanda unauvua?"

Mkanda ni ule ukanda mwembamba wa ngozi unaounganisha gurudumu kubwa la chini ya meza na gurudumu dogo la juu. Bila huo unaweza kukanyaga pedali mpaka uchoke, sindano haitikisiki. Karakanani kwetu kuna sheria moja ambayo haiulizwi: ukimaliza siku, unavua mkanda wako na kuutundika kwenye msumari ukutani. Mwenye karakana, tunayemwita Madam, anasema ni ili ngozi isilegee. Mafundi wote wanauvua, hata wale wazembe wanaoacha pasi ina moto. Mimi niliuvua wiki ya kwanza tu. Matiti yalikuwa yanajaa, mtoto ananisubiri nyumbani, na sikuona sababu ya kuibembeleza ngozi ya ng'ombe kila jioni.

"Huwa nauacha."

Wifi akaushika mguu wake wa kulia. 

"Kauvue leo hii," alisema. "Na ukikuta kitu kwenye mashine, usikishone."

"Kitu gani?"

Alimwangalia binti yangu, kisha akaangalia pembeni haraka, kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake.

"Usikishone tu, wifi yangu."

Akaondoka akichechemea. Nikafungua dirisha harufu itoke.

Lakini kuna jambo sikumwambia.

Mara tano au sita katika wiki hizo, nilipofika kazini asubuhi, nilikuta kinguo cheupe kwenye mashine yangu. Kinguo cha mtoto mdogo, hakijaisha. Mara ya kwanza ni bega moja, mara nyingine ubavu, kisha mkono. Nilidhani Madam ana mwanafunzi anayejifunzia kwenye mashine yangu tukishaondoka. Na nilimdharau sana mwanafunzi huyo. Mshono ulikwenda kama kuku aliyekanyagwa. Uzi umeruka huku, umelegea kule, chini umejaa vitanzi. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini mshono mbaya siwezi kuuacha upite mbele yangu. Kwa hiyo kila nilipokikuta nilikaa, nikapiga mshono mzuri juu ya ule mbaya, nikakiweka kwenye droo. Jioni nilikiacha humo. Asubuhi nilikikuta tena juu ya mashine, kimesogea mbele kidogo.

Sikumuuliza mtu. Nimesema, mimi ni mtu wa aibu.

Jua lilipoanza kushuka, mguu ulikaza tena. Safari hii haukukaza ukabaki. Ulikaza, ukaachia. Ukakaza, ukaachia. Sawasawa. Taratibu.

Naujua mwendo ule. Ni mwendo wa fundi anayeshona pindo.

Nikamshika mtoto. Nyayo zake zilikuwa baridi. Nilimpa ziwa, akaligusa kwa mdomo na kuliacha, macho yake yako wazi. Hapo nikakumbuka kwamba kila mguu uliponikaza, wiki zote tatu, mtoto huyu hakuwa analia. Nilikuwa nikishukuru kwamba ana adabu.

Baba yake alikuwa kwa rafiki zake akiucheza upya mpira kwa mdomo. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda.

Karakana iko nyuma ya mstari wa maduka, na ufunguo hukaa kwa kinyozi wa mlango wa pili. Nilimkuta anafagia nywele. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya kioo chake.

"Na nyie mnapenda kazi," alisema huku akinipa. "Jumapili yote hii. Tangu saa nane nasikia mashine."

"Nani amechukua ufunguo?"

"Hakuna. Huo hapo unao." Akaendelea kufagia. Hakuona ajabu. Yule angekata nywele za mtu asiye na kichwa akamdai malipo.

Nikapita kwenye uchochoro. Mguu unakaza, unaachia. Nikasimama mlangoni.

Taka-taka-taka-taka... Kimya... Taka-taka...

Kila taka ilikuwa ndani ya shavu la mguu wangu.

Nikafungua.

Ndani kulikuwa na mwanga wa mwisho wa dirisha, rangi ya chai. Mashine tisa zimefunikwa vitambaa vyake, mikanda tisa inaning'inia ukutani. Harufu ya mafuta ya cherehani ilikuwepo kama kawaida. Lakini juu yake ilikuwepo nyingine... harufu ya maziwa ya mama yaliyochacha kwenye nguo.

Mashine ya dirishani ilikuwa inashona.

Mwanamke alikuwa ameikalia, amenipa mgongo. Mabega membamba, shingo imeinama kama ya fundi yeyote aliyechoka. Nikataka kumwamkia. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Kisha nikaangalia chini ya meza.

Gauni lake lilifika ukingo wa kiti, likaning'inia tupu.

Pedali ilikuwa inapanda na kushuka peke yake.

Na mguu wangu wa kulia, pale mlangoni, ulikuwa unapanda na kushuka nayo.

"Umechelewa," alisema. Alinong'ona kwa kubana midomo, kama mtu aliyeshika pini mdomoni. Mafundi wote tunaongea hivyo. "Limebaki pindo tu."

Nikaukaza mfundo wa kanga kifuani. 

"Mlete nimpime."

Nikashika miguu ya mwanangu huku nyuma, mmoja mmoja. Ilikuwa baridi kama mkasi. Nilitaka kukimbia, lakini ni mguu gani ungenipeleka? Ule wa kushoto ulitaka mlango. Wa kulia ulikuwa kazini.

Yule mwanamke akainua kile kinguo, akakinyoosha dirishani akikitazama. Nikakiona chote kwa mara ya kwanza. Cheupe. Kirefu kupita miguu. Hakina tundu la kutokea miguu, wala vifungo. Urefu wake niliujua bila tepu, kwa sababu kila siku naubeba mgongoni.

Na nikaona bega la kulia. Mshono ulionyooka, mzuri, wa mkono wangu. Na ubavu, wa kwangu. Na mkono wa kushoto, wa kwangu.

Nilikuwa nimeshona zaidi kuliko yeye.

"Maliza," alinong'ona. "Ukipiga pindo hili, mguu utakuachia. Hautakukaza tena maisha yako."

Na mguu ukaachia.

Mtu ambaye hajashikwa na misuli hawezi kujua. Wiki tatu sikulala. Wiki tatu nilikuwa nauma shuka ili majirani wasinisikie. Sasa maumivu yalitoka kama maji yanavyotoka kwenye beseni, na mguu ukawa mwepesi, ukawa mguu wa msichana. Ningeweza kulia kwa utamu wake. Bila kujua nilikuwa nimeshasogea hatua nne, niko kando ya mashine, na kinguo kiko mikononi mwangu. Sindano inangoja. Pindo lenyewe lilikuwa fupi. Dakika mbili tu.

Yeye alikuwa ameshapiga kipande cha kwanza cha pindo hilo. Nikakitazama.

Kimepinda. Uzi umeruka mara tatu katika urefu wa kidole. Chini vitanzi vitupu.

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Pengine haukuwa ujasiri. Maisha yangu yote nimewaogopa watu, nimewapisha njia, nimewaitikia wapumbavu ndiyo. Na sasa nilikuwa nakufa kwa hofu mbele ya mtu ambaye hata kukunja pindo hajui.

"Mshono wako ni mbovu," nilisema.

Mashine ikasimama.

"Miguu ni yako," alinong'ona.

"Miguu ni yangu. Mikono ni yako. Na mikono ndiyo mibovu."

Pini zikaanza kumdondoka mdomoni. Tik... tik... tik... juu ya saruji. Ziliendelea kudondoka, nyingi kuliko mdomo wa mtu unavyoweza kubeba.

"Basi nionyeshe wewe," alisema. Sasa hapakuwa na kitu cha kubana midomo, na sauti ilikuwa tamu, ya mama anayembembeleza mtoto. "Fundi mzuri. Nionyeshe."

Nikakumbuka harufu ya dawa ya kuchua. Usikishone tu, wifi yangu.

Nikavuta droo nikatoa wembe.

Nilianza na bega, kwa kuwa lilikuwa langu. Uzi wa kwanza ulipokatika, mguu ulikaza. Uzi wa pili, ukapanda gotini. Nilipofika ubavuni, paja lote lilikuwa limesokotwa kama nguo inayokamuliwa, na nilikuwa nimepiga magoti kwenye pini, sizisikii. Fumua. Fumua. Mshono wangu ulikuwa imara, ole wangu, nilijifunza vizuri. Nilikuwa nafumua kazi safi kuliko zote nilizowahi kushona. Juu yangu kulikuwa na pumzi ya maziwa machachu, karibu na shingo yangu. Karibu na kichwa cha mwanangu.

Sikuinua uso.

"Utakaza," sauti iliniambia sikioni. "Utakaza mpaka uzeeke."

"Nitakaza," nilisema. "Lakini hutaniambia unajua kushona."

Uzi wa mwisho wa mkono wa kushoto ukakatika. Nikaingiza vidole chini ya meza, nikauvuta mkanda ukatoka kwenye gurudumu.

Mtoto akalia.

Alilia kwa hasira, kwa njaa, kwa nguvu zote za wiki tatu, akanipiga mateke mgongoni kwa nyayo zake mbili. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Nilipoinua uso, kiti kilikuwa kitupu. Pini zilikuwa zimejaa sakafuni. Mbele yangu vilikuwa vipande vya kitambaa cheupe ambavyo si nguo ya mtu yeyote. Nikakaa palepale kwenye saruji, nikamnyonyesha mpaka akashiba, nikafunga mlango, nikarudisha ufunguo. Kinyozi akaniambia, "Leo mmemaliza mapema." Nikamwitikia ndiyo.

Usiku ule mguu haukukaza. Nililala mpaka kukapambazuka, mtoto mdomo wazi kifuani pangu, mume wangu akikoroma amegeukia ukutani kama kwamba ndiye aliyefanya kazi.

Asubuhi sikwenda karakana. Nilimbeba mtoto, nikatia mkanda mkobani, nikaenda kwa wifi.

Nilimkuta kitandani, mguu wa kulia ameuweka juu ya mto. Chumba chake sikuwahi kuingia ndani. Huwa nasimama mlangoni nikishika pua kwa hila. Safari hii niliingia. Nikautoa mkanda nikauweka kitandani, naye akautazama bila kuugusa.

"Kilibaki nini?" aliuliza.

"Pindo."

Akatikisa kichwa taratibu. Alimtazama binti yangu anayetafuna ncha ya mtandio wangu.

"Mimi nilidhani ni oda ya mteja," alisema. "Nilifika asubuhi nikakikuta, kimebaki pindo. Kimeshonwa vibaya mno, wifi. Unajua mimi sikuweza kuvumilia mshono mbaya." Alilainisha shuka kwa kiganja. "Nikamalizia. Nikakipiga pasi kabisa. Niliporudi nyumbani jioni..."

Hakumaliza, wala sikumwomba amalize.

"Mbona hukuniambia yote tangu jana?"

"Ungeniamini?"

Nikaangalia chini. Kichupa cha kijani kilikuwa kwenye kiti kando ya kitanda. Nilimkalisha mtoto sakafuni, nikakifungua, nikamimina dawa viganjani, nikaanza kumkanda mguu. Miaka yote ile niliyomcheka, sikuwahi kumgusa. Ngozi ilikuwa nyembamba, na chini yake msuli umejaa mafundo ya zamani, magumu, moja juu ya jingine, kama uzi uliovurugika.

"Bado unakukaza?" nilimuuliza.

"Haujanikaza tangu mwaka ule. Nilimaliza pindo, si unajua. Ninaupaka dawa kwa sababu..." Akaangalia kichupa. "Ili uwe unaniuma kidogo."

Nikaendelea kumkanda. Nje jirani alikuwa anamwaga maji. Mkanda uko pale kitandani, umejikunja, haujafungwa popote.

Ndipo shavu la mguu wake likakaza chini ya viganja vyangu.

Likaachia.

Likakaza tena. Taratibu. Kama fundi anayejaribu mashine kabla hajaanza kazi.

Wifi alinitazama. Sijawahi kuona macho ya mtu mzima yakiomba namna ile. Mwanangu, pale sakafuni, aliacha kutafuna mtandio.

Nikamsogeza mtoto katikati ya magoti yangu, nikakishika kidole gumba cha mguu wa wifi, nikakivuta kuelekea kwake kwa nguvu zangu zote, na sikukiachia.